Ngoma Niliyowapigia Mabinti wa Watu

Mwenzangu alianza kucheka kabla yangu, na hilo sikumsamehe.

Tulilazwa wodi moja, vitanda vikitazamana, tukatolewa kizazi wiki moja kwa sababu moja: uvimbe uliokuwa umetumaliza damu kwa miaka. Daktari wetu alikuwa mmoja. Mshono ulikuwa mmoja, chini ya kitovu, na hata uji ulikuwa mmoja, wa ulezi, ulioletwa na ndugu zetu kwenye chupa za chai. Tuliruhusiwa asubuhi moja, tukatoka tumeshikana mikono, tumeinama, tukitembea polepole hadi kwenye bajaji. Dereva akatuuliza kama sisi ni ndugu. Tukamjibu ndiyo kwa pamoja.

Kisha miezi ikapita, yeye akanyooka, mimi nikabaki nimeinama kwa ndani. Niliamka nimechoka. Niliwajibu wateja kwa mkato. Nilikuwa naweza kuona nguo za mtoto mchanga zimeanikwa kwenye kamba ya jirani nikarudi ndani na kufunga mlango, na nikiulizwa nina nini nasema vumbi limeniingia machoni. Dodoma vumbi halikosekani, kwa hiyo watu waliniamini.

Asubuhi moja sokoni Majengo, ambako yeye anauza maharage na mimi nauza karanga na uwele, meza zetu zikitenganishwa na ya muuza vitunguu tu, nilimsikia anacheka. Kilikuwa kicheko chake cha zamani, kile kinachoanzia tumboni na kumfanya ashike meza. Mteja alikuwa amemwambia jambo la kipuuzi, wala halikuwa la kuchekesha. Mimi nilikuwa nampimia mama mmoja karanga, nikamzidishia kisado kizima bila kujua, maana masikio yangu yote yalikuwa kwenye meza ya maharage. Roho iliniuma. Tumekatwa kisu kimoja, nikasema moyoni, sasa huyu kicheko amekitoa wapi, na mbona mimi sijapewa?

Lazima niseme habari za ngoma, kwa sababu bila ngoma wivu wangu utaonekana wa kitoto. Kwetu Wagogo, muheme ni ngoma ya wanawake. Unasimama, unaibana katikati ya mapaja, unaipiga kwa viganja, na anayeongoza huwa na filimbi mdomoni ili wenzake wajue lini wageuze mdundo. Bibi zetu waliipiga mabinti walipokuwa wanafundwa. Siku hizi tunaipiga wanapoagwa kwenda kuolewa, na viongozi wakija kufungua jengo jipya tunaitwa pia, tunapiga juani mpaka wamalize hotuba zao. Kikundi chetu ni cha wanawake wa mtaa mmoja, na kwa miaka mingi filimbi ilikuwa mdomoni mwangu. Mwenzangu nilimfundisha mwenyewe. Alipokuja alikuwa anapiga kwa vidole kama anayekanda chapati, nikamshika mikono yake nikamwonyesha.

Baada ya upasuaji tuliambiwa tusibebe kitu kizito kwa muda. Muda ukaisha. Siku niliyokwenda kuangaliwa kwa mara ya mwisho, daktari aliniambia nimepona vizuri, naweza hata kujitwika ndoo ya maji. Nilirudi nyumbani, nikaitoa ngoma yangu chini ya kitanda, nikaibana mapajani pale sebuleni peke yangu. Haikuuma. Ila mikono ilibaki hewani. Nilisimama hivyo, ngoma imenikaa ilipozoea kukaa, nikaanza kulia kilio ambacho sikukijua, nikairudisha chini ya kitanda na kuisukuma kwa mguu mpaka ukutani. Kikundi nikakiambia daktari bado hajaniruhusu. Wakanipa pole, wakaniletea kiti cha plastiki nikae nisikilize mazoezi, na filimbi wakampa mwenzangu.

Mtu asiniambie kwamba kukaa kwenye kiti kile kulikuwa kupumzika. Nilikuwa nasikia kila alipochelewa kugeuza. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba, kadiri wiki zilivyopita, hakuchelewa tena.

Sasa huyu mwenzangu Mungu amempa mabinti watatu. Yule mkubwa alipochumbiwa, ikapangwa kwamba ataagwa nyumbani kwa babu yake Buigiri, baada ya mavuno. Katika kikundi chetu mama hapigi ngoma siku ya kumuaga binti yake. Siku hiyo yeye ni mwenye shughuli, anakaa kwenye kiti na ndugu zake, amevaa vizuri, anatuzwa. Jioni moja alikuja mezani kwangu nikiwa nafunika magunia, akakaa juu ya ndoo niliyoigeuza.

"Dada, siku hiyo mimi nitakuwa kwenye kiti," alisema. "Nataka unipigie wewe."

Nikamwambia, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba ningependa sana lakini daktari bado hajaniruhusu. Alikuwa anachezea punje ya karanga, anaimenya taratibu.

"Daktari wetu ni mmoja, dada."

Hakusema zaidi. Aliila ile karanga, akainuka, akasema yeye atangoja, na kama sitaweza basi ataiachia filimbi yule msichana mpya wa kikundi, yule wa juzi juzi ambaye hata kuibana ngoma hajui. Akaniacha nimeshika turubai. Nilimchukia jioni ile, kwa sababu alikuwa ameona uongo wangu na hakunisuta.

Ndipo nikaanza kumchunguza. Niligundua kwamba kila Alhamisi, jua likishapinda, anafunika maharage yake, anamwomba muuza vitunguu amtazamie, anabadilisha kanga na kuvaa gauni, anaondoka. Anarudi kabla ya soko kufungwa, macho yamevimba kidogo lakini uso umetulia. Mwanamke wa umri wetu akivaa gauni katikati ya wiki, sijui wengine mtawaza nini, mimi niliwaza mwanamume. Na kwa kuwa mume wangu ni dalali wa mahindi Kibaigwa na huwa anarudi nyumbani siku anazojua yeye, sikuchelewa kumwunganisha naye. Niliikumbuka kila Alhamisi aliyokuwa hapokei simu. Nikaitunga hadithi nzima, na niseme kweli, nilipoitunga nilijisikia nafuu, maana angalau sasa nilikuwa na sababu.

Alhamisi iliyofuata nilichukua bajaji, nikamwambia dereva aifuate ile iliyo mbele na asinisogeze karibu. Tukaenda hadi Area C, kwenye mtaa wenye miarobaini pande zote, akashuka kwenye geti la kijani. Nikasubiri aingie, nikashuka na mimi, nimejifunika mtandio mpaka puani. Kwenye geti palikuwa na kibao: Ushauri kwa Wanawake, uzazi, upasuaji, ndoa na msongo wa mawazo. Chini yake namba ya simu. Dirisha lilikuwa wazi na nikasikia sauti yake ikisema jambo, kisha sauti ya mwanamke mwingine, kisha yeye tena, kwa muda mrefu, bila kukatizwa.

Ningemkuta na mume wangu, ningejua la kufanya. Hili sikulijua. Nilisimama chini ya mwarobaini naona wivu wa kiti tu, kiti anachokalia mtu mle ndani akasikilizwa hivyo. Dereva wa bajaji akapiga honi akiuliza kama naendelea au vipi.

Kwenda kwa yule mwanamke wa geti la kijani nilikataa mwanzoni. Nitamfuataje mwanafunzi wangu kwa daktari wake kama nilivyomfuata kwa bajaji? Nikasema nitatafuta wangu, tena aliye bora kuliko wake.

Nilianza na muuguzi wa zahanati ya karibu, mtu mzima, tunafahamiana. Nilimwambia tangu nitolewe kizazi sina raha. Akaniuliza nina watoto wangapi, nikamwambia wawili, wa kiume, wa kwanza yuko chuo na wa pili sekondari. Akanishika bega, akasema nimshukuru Mungu, wapo waliotolewa na hawana hata mmoja. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, lakini nilitoka pale nimefungwa mdomo. Nikaenda kwa mama mchungaji. Huyo alinikaribisha chai, akaniombea vizuri, machozi yakamtoka, kisha akaniambia nisihuzunike kwa kuwa tupu, kwani hata ngoma hulia kwa sababu ndani ni tupu. Alilisema kwa upendo, najua. Ila nilitamani kummwagia chai. Ngoma hulia kwa sababu mtu ameipiga, na ngozi imepashwa moto ikakaza, na mti umechongwa na anayejua. Tangu siku ile watu wengine wawili wameniambia maneno hayohayo, na wote nimewaangalia kwa jicho moja.

Wa tatu alikuwa kijana wa kike kwenye ofisi moja ya huku mjini kwenye majengo ya vioo, niliyeelekezwa na mteja wangu mtumishi wa serikali. Alikuwa mkarimu na amesoma. Ila kila sentensi yake nusu ilikuwa Kiingereza, na nikiuliza anarudia ileile kwa sauti ya juu. Alinipa karatasi yenye picha za nyuso, niweke alama kwenye uso unaofanana na ninavyojisikia. Nilitafuta uso wenye kijicho, haukuwepo. Nikaweka alama kwenye uso wa huzuni ili asijisikie vibaya, nikaaga.

Wakati huo mavuno yalikuwa yameingia. Malori ya alizeti yalikuwa yanapita, na kwenye kundi letu la simu mwenzangu alishatuma rangi ya kitenge cha shughuli. Niliona picha ya kile kitenge, cha zambarau chenye maua ya njano, nikajua siku haiko mbali, na nikajiona nimekaa kwenye kiti changu cha plastiki yule msichana wa juzi anaharibu. Nikaipiga ile namba ya getini. Niliishika kichwani tangu siku ya bajaji ingawa nilijiambia nimeisahau.

Dada aliyepokea aliniuliza kama naweza kuja Jumatano. Nikasema nataka Alhamisi. Akasema Alhamisi mchana pamejaa. Nilijua pamejaa nani. Nikachukua Jumatano huku nimenuna, kama aliyepewa kipande cha shingo wakati mwenzake amepewa paja.

Nilimwuliza pia nije na nini. Akasema nisije na kitu, nije mapema kidogo tu, na nikipenda nifikirie ni jambo gani ningetaka libadilike. Hilo la kuja bila kitu nililipuuza hapohapo, maana kwetu mtu haendi kwa mtu mikono mitupu. Nilichagua karanga zangu nzuri, zile nyekundu ndogo, nikazikaanga kwa chumvi. Nilisuka nywele. Nilitafuta gauni lisilofanana na la mwenzangu.

Maneno ndiyo niliyoyaandaa zaidi. Mimi ni mtu wa ushirika wa kanisani tangu usichana, na kwetu ukisimama mbele za watu kueleza shida zako, unatoa ushuhuda, na ushuhuda una njia yake. Unaanza kwa kumsifu Bwana. Unasema ulivyokuwa, unasema ulivyopita kwenye bonde, sauti inashuka, watu wanaguna. Kisha unasema Bwana alivyokushindia, sauti inapanda, wanasema amina, mtu anaanzisha pambio. Hakuna ushuhuda unaoishia bondeni. Sikuwahi kujua njia nyingine ya kujieleza kwa mtu mzima, kwa hiyo niliutunga ushuhuda wangu, na niliutunga uwe bora kuliko chochote alichowahi kusema yule wa Alhamisi. Nilipanga hata pa kulia. Nilipanga nilie mara moja tu, kwenye habari za wodini, kwa heshima, kisha nifute machozi na kwenda kwenye ushindi. Nikaweka na ngoma ndani yake, kama pambo, ili ajue anazungumza na mtu wa aina gani.

Nilikuwa naufanyia mazoezi stoo, mbele ya magunia, mume wangu akanikuta. Alikuwa amerudi kutoka Kibaigwa bila kunipigia, vumbi la mahindi bado kwenye nyusi. Akauliza ninahubiri wapi. Sikuwa na ujanja, nikamwambia ninakwenda kwa mshauri, nikangoja acheke au aulize mtaani watasemaje. Alikaa juu ya gunia. Akavua kofia, akaikung'uta.

"Mama watoto, mwambie na hili," alisema. "Siku hizi hunigombezi. Nikichelewa hunigombezi kabisa."

Nikamwambia hilo halimo kwenye ushuhuda. Lakini nililala nalo, na nilijionea aibu kwa ile hadithi niliyomtungia.

Jumatano nilifika mapema mno. Chumba kilikuwa kidogo, feni na viti viwili, kimoja ndicho kile nilichokionea wivu, cha mbao chenye mto wa kijani. Nilipokaa niliwaza kwamba kesho yake mwenzangu atakaa hapahapa, nikajikuta naupapasa ule mto kutafuta sijui nini. Mshauri mwenyewe alikuwa mwanamke wa rika langu, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Nilimpa karanga. Alizipokea kwa mikono miwili, akampa dada wa mapokezi, akafunga mlango, akakaa.

"Bwana Yesu asifiwe," nikaanza.

"Karibu, mama," alisema.

Hakusema amina. Hilo lilinitikisa kidogo, lakini nikaendelea. Niliupita uvimbe, nikaipita damu, nikafika wodini, na pale nilipopanga kulia machozi hayakuja, nikalazimika kuvuta kamasi za uongo. Nikaipita ngoma. Nikapanda kwenye ushindi, nikasema na leo hii mimi ni mzima, ninasimama kama mwanamke jasiri, sauti ikapanda hadi dada wa mapokezi nadhani aliisikia. Nikamaliza. Nikangoja.

Kanisani hapo ndipo pambio linapoanza. Mle ndani ilikuwa feni tu inazunguka. Alinitazama bila haraka, hakuguna, hakunipa pole, hakunifananisha na chochote. Sijawahi kumaliza ushuhuda watu wakanyamaza. Nilianza kuvuta vuta mkoba, nikidhani labda muda umeisha.

"Umesema ngoma hiyo unawapigia mabinti," alisema. "Mabinti wa nani?"

"Wa watu," nikajibu.

Nilitaka kusema zaidi, nitaje mitaa na familia, maana nimepiga kwenye nyumba nyingi za heshima. Ila nilirudia lile neno tu. Wa watu. Miaka yote niliyopiga muheme, sikuwahi kulala bila kuiona siku moja mbele yangu: binti yangu amefunikwa kanga, mimi nipo kwenye kiti, sipigi, na wanawake wote niliowapigia mabinti zao wamekuja kunipigia wangu. Nilikuwa na watoto wa kiume wawili na nilijua bado kuna nafasi. Damu ilipokuwa inatoka nilijua bado kuna nafasi. Mpaka siku daktari aliposaini karatasi za upasuaji nilikuwa na jina la binti huyo moyoni. Kisha mwenzangu, niliyekuwa namkanya vidole, ambaye ametolewa kizazi akiwa tayari ana mabinti watatu, anakuja kwenye meza yangu, anakaa kwenye ndoo yangu, ananiomba nimpigie wa kwake.

Nilimwambia mshauri yote haya, si kwa utaratibu, na si kwa heshima. Nililia pale ambapo sikupanga, na sikufuta. Nilisema namwonea wivu huyu mwanamke mpaka natamani shughuli yake inyeshewe mvua, na kiangazi hiki Buigiri hainyeshi. Nilisema namwonea wivu wa mabinti, wa filimbi, wa kicheko, na wa Alhamisi. Mshauri alisogeza boksi la tishu karibu yangu na kuniacha. Nilipotulia nilimwuliza lile lililonipeleka, kama nisingejidanganya: huyo wa Alhamisi anasema nini juu yangu?

Akasema hawezi kuniambia nani anakuja kwake na nani haji, wala mtu mwingine hataambiwa kwamba mimi nimekuja. Nilikasirika. Nilipofika getini hasira zilikuwa zimepungua, maana nilifahamu kwamba hata mwenzangu, hata akiuliza vipi, hatapewa ushuhuda wangu. Ulikuwa wangu peke yangu.

Lakini kabla sijatoka nilikuwa nimemwuliza nifanye nini na ile shughuli. Nilidhani ataniambia nikapige, au nisipige. Akaniuliza, kama sitapiga, siku hiyo nitakuwa wapi. Nikafikiri. Nikajiona kwenye kiti cha plastiki, zambarau na njano zimenizunguka, na yule msichana wa juzi juzi ana filimbi yangu, anageuza mdundo mahali ambapo haugeuzwi. Damu ilinichemka hapohapo kwenye mto wa kijani.

Nikamwambia nitapiga. Akasema tuonane Jumatano ijayo. Hakusema sababu yangu ni mbaya.

Mazoezi ya mwisho yalifanyika uani kwa mwenyekiti wetu. Nilifika na ngoma yangu, imejaa vumbi la chini ya kitanda, ngozi imelegea. Hakuna aliyeuliza habari za daktari. Waliwasha majani makavu kama kawaida, tukazisogeza ngoma kwenye moto ngozi zikaze, na mwenzangu alikuwa upande wa pili wa moto ule, ananitazama na kutazama pembeni. Aliivua filimbi shingoni akanipa. Ilikuwa bado na joto lake, nikaifuta kwa kanga yangu mara mbili, makusudi, ili aone. Akacheka. Nami nikaibana ngoma, nikasikia mshono ukivutika kidogo, na nikapiga vibaya. Nikapiga vibaya tena. Wenzangu walinifuata hivyohivyo kwenye makosa yangu bila kunikosoa mpaka mikono ikakumbuka.

Buigiri siku hiyo palikuwa na upepo. Maturubai yalikuwa yanapigapiga, wazee wamekaa kivulini, sufuria za pilau zimepangwa nyuma ya nyumba. Mwenzangu alikuwa kwenye kiti cha mbele, kitenge chake cha zambarau, kilemba kikubwa, shanga mpaka tumboni, ndugu wamemzunguka wanamfutia viatu. Nilimtazama kwa muda mrefu. Sikuwa nimepona hata kidogo. Kiti kile nilikitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu, na nilijua kwamba sitakikalia maisha yangu yote, na sasa nililijua kwa maneno, nilishalisema mbele ya mtu.

Nikapuliza filimbi. Tulianza chini, taratibu, halafu binti akatolewa ndani amefunikwa kanga, shangazi zake wawili wamemshika, nikageuza mdundo. Wanawake wakapiga vigelegele. Mikono yangu ilikuwa inalia na mimi nalia, jasho na machozi vinaingia kwenye filimbi, na sikupoteza hata pigo moja. Walipomfunua, kabla ya kwenda kwa mama yake, binti alikuja kwanza kwa anayeongoza ngoma, kama inavyotakiwa. Alikuwa na kanga mpya. Akapiga magoti, akainuka, akanifunga kiunoni huku bado napiga, na fundo akalikaza palepale chini ya kitovu. Akaninong'oneza asante mama. Ana sauti ya mama yake.

Ndipo nilipomtazama mwenzangu. Nilitegemea kumwona anacheka. Alikuwa amekaa wima kwenye kile kiti, ndugu wanamtuza, wanamwekea kanga mabegani, na yeye hawatazami. Anatazama mikono yangu. Mapaja yake yalikuwa yamebanana chini ya kitenge, viganja viko juu ya magoti, vinapiga, vinanifuata, vinajua kila ninapogeuza, na usoni ana kitu ambacho ningekitambua popote, kwa sababu nimekaa nacho miezi mingi kwenye kiti cha plastiki.

Binti yake anaagwa, na ngoma hawezi kuipiga. Nikaibana vizuri, nikampigia.